Tuzibe Ufa Kabla ya Kununua Mafuta



Katika nchi za baridi kali, kama vile Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, mkulima mwenye kisima hujenga kijumba juu ya pampu yake. Majira ya baridi yakifika, hutia ndani ya kijumba hicho hita ya umeme au taa ya kutoa joto, ili maji yasigande ndani ya bomba. Maji yakigeuka kuwa barafu huvimba, karibu sehemu 9 kwa kila 100, na bomba hupasuka hata likiwa la chuma. Usiku mmoja tu watosha kumharibia mtu pampu aliyoitunza mwaka mzima.

Lakini joto hilo halipatikani bure. Hita ikiwaka usiku na mchana kwa miezi mingi, gharama yake humtafuna mkulima. Basi washauri wa huko humwambia hivi: kabla ya kuongeza moto, ziba nyufa za kijumba, vika mabomba nguo nzito, funga mlango vizuri, kisha weka swichi inayowasha hita yenyewe baridi inapozidi, na kuizima baridi inapopungua. Kwanza ziba, ndipo uwashe.

Najua utaniuliza: Busia na barafu, wapi na wapi? Ni kweli kabisa. Hata ile jalidi inayounguza viazi vya wenzetu wa Nyandarua haitujii sisi wa Nambale, Amagoro wala Malaba. Pampu zetu haziwezi kuganda. Adui zetu sisi ni jua la Januari na bei ya petroli. Lakini kosa letu ni lile lile la mtu mwenye kijumba cha nyufa: twaongeza moto kabla ya kuziba. Mkulima akiona maji hayafiki mwisho wa shamba, neno la kwanza kinywani mwake ni injini kubwa zaidi. Mimi nasema neno la kwanza liwe mpira, valvu na kipimo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa siku hizi hujengwa kwa mkopo.

Fomu niliyoijaza mimi

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, lakini siku zangu nyingi nimezipitisha nikijaza fomu badala ya kuandika ubaoni. Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha akina mama na vijana wenye bustani ya nyanya na sukuma wiki bondeni walikuja kwetu wakitaka barua ya kuombea mkopo wa injini kubwa. Walisema ile ndogo imechoka. Niliwajazia fomu kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, nikawaonyesha mahali pa kutia sahihi. Hakuna mtu kutoka kwetu aliyekwenda bondeni kutazama. Nami sikuuliza swali hata moja.

Injini ikaja. Wakaifunga kwenye mpira ule ule mwembamba wa zamani, wenye viraka vya tyubu ya baiskeli. Wiki ya kwanza mpira ukapasuka. Walipoufunga tena, injini ikanywa mafuta karibu mara mbili ya ile ndogo, na maji yakaongezeka kidogo tu. Kiangazi kilipokwisha, nyanya hazikutosha kulipa deni. Ng'ombe dume mmoja akauzwa, na injini sasa imelala stoo chini ya magunia. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye adabu nyingi, hunisalimu kila tukikutana sokoni, huniuliza habari za watoto, wala hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa sababu hiyo, kikundi cha pili kilipokuja kiangazi kilichopita na ombi kama lile, sikutoa fomu. Nilimwomba bwana shamba twende pamoja. Tulichukua pipa tupu la lita 200, kamba ya kupimia, na saa yangu ya mkono.

Kwanza tuliweka pipa karibu na injini, tukaelekeza maji ndani yake. Lilijaa kwa dakika moja. Kisha tukalihamisha hadi mwisho wa mpira, huko juu kwenye vitalu vya sukuma wiki, injini ikiendelea kwa mwendo ule ule. Safari hii lilijaa kwa dakika tatu kasoro kidogo. Tukaufuata mpira kwa miguu toka juu mpaka mtoni. Tuliona matope mahali pasipo na mmea: viungo viwili vilikuwa vikivuja, na mahali pa tatu palikuwa pametobolewa na jembe. Mpira wenyewe ulikuwa wa inchi moja na nusu, hali mdomo wa pampu ni wa inchi mbili. Na kule mtoni, valvu ya mwisho wa mpira wa kuvuta, ile inayozuia maji yasirudi, ilikuwa imejaa mchanga na haifungi. Kila asubuhi walimimina maji kwa ndoo ndani ya pampu mara tatu nne kabla haijashika, na muda wote huo injini inanguruma na petroli inateketea.

Mzee mmoja wa kikundi alitazama yale matope, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, kumbe tulikuwa tukimwagilia njia."

Walichanga fedha. Walinunua mpira wa inchi mbili, klipu za chuma na valvu mpya. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya injini waliyotaka kukopa. Tulipopima tena, pipa la huko juu lilijaa kwa dakika moja na nusu hivi. Zamani bustani ile ilikunywa lita tatu za petroli kila siku ya kumwagilia. Sasa yanywa lita moja na nusu. Injini ni ile ile waliyosema imechoka.

Hesabu ya ubaoni

Sasa niruhusu nirudie kazi yangu ya zamani, tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Mboga wakati wa jua kali huhitaji milimita kama 5 kwa siku. Zidisha: ekari moja yataka lita zipatazo 20,000, yaani mitungi 1,000 ya lita 20. Robo ekari yataka mitungi 250. Hiyo ndiyo sababu mtu mwenye ndoo huchoka, na ndiyo sababu twahitaji pampu.

Je, kuyainua maji hayo lita 20,000 kwa kimo cha mita 10 kwataka nguvu kiasi gani? Tukihesabu uzito wa maji na kimo peke yake, ni kama nusu yuniti ya umeme. Lita moja ya petroli ina nguvu inayolingana na yuniti 9 hivi. Waona tofauti ilivyo kubwa! Bila shaka hakuna injini inayoweza kutumia nguvu yote iliyomo katika mafuta. Injini ndogo ya petroli hupoteza sehemu tatu au zaidi katika kila nne kwa joto na moshi, na pampu nayo hupoteza sehemu yake. Hayo hatuwezi kuyazuia. Lakini hata tukiyaondoa hayo, kazi yenyewe haistahili kula zaidi ya lita moja hivi, iwapo mpira ni mpana na umbali si mrefu. Ukiona ekari moja yala lita nne au tano, jua kwamba lita kadhaa unawanunulia wezi. Wezi hao ni wanne, nami nitakutajia kila mmoja.

Mwizi wa kwanza ni mpira mwembamba. Maji yakipita ndani ya bomba husuguana na kuta zake, na injini hulipa msuguano huo kwa petroli. Ukipitisha maji yale yale katika bomba la inchi mbili badala ya inchi moja na nusu, msuguano hupungua ukabaki kama robo. Ukiongeza upana mara mbili, hubaki sehemu moja katika 32 hivi. Nusu inchi yaonekana ndogo dukani, lakini shambani ni kubwa sana. Urefu nao una hesabu yake: mpira ukiwa mrefu mara mbili, msuguano ni mara mbili. Usiuache ukizunguka bure au ukiwa umejikunja.

Mwizi wa pili ni uvujaji. Tundu dogo hudharauliwa kwa kuwa halifanyi kelele. Bandu bandu huisha gogo. Tena tundu lililo upande wa kuvuta ni baya kuliko lililo upande wa kusukuma, maana lenyewe halitoi maji bali huingiza hewa, na mkulima halioni. Atasikia tu injini ikipiga kelele nyingi na maji yakija kwa vishindo.

Mwizi wa tatu ni kuweka injini juu mno. Pampu ya juu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Huondoa hewa ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Huko pwani, usawa wa bahari, hewa yaweza kuyapandisha karibu mita 10 na si zaidi. Sisi tu juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo mpaka wetu ni kama mita 9. Kwa kazi ya kweli, usipite mita 6. Ukiweka injini juu ya ukingo mrefu kwa sababu ni rahisi kuifikia kwa boda boda, inahangaika kuvuta, na maji huja machache. Iteremshe karibu na maji, mahali ambapo mafuriko hayafiki, kisha iache isukume. Kusukuma ndiko inakokuweza.

Mwizi wa nne ni saa sita ya mchana. Anayemwagilia wakati wa jua la utosi hulipia petroli ili kunyesha hewani. Mwagilia alfajiri au jioni. Tandaza majani makavu au mabua ya mahindi katikati ya mistari ili udongo usikauke haraka. Maji ambayo hayakupotea shambani hayahitaji kusukumwa mara ya pili, na hayo ndiyo maji ya bei rahisi kuliko yote.

Nyumba ya pampu ya Busia

Nilianza na kijumba cha pampu cha nchi za baridi. Hata sisi twahitaji kijumba, ila kwa sababu nyingine. Wengi wetu hubeba injini nyumbani kila jioni kwa hofu ya wezi, na kuirudisha bondeni asubuhi. Kila safari ya baiskeli au pikipiki hulegeza viungo, hupinda mdomo wa mpira, na humwaga oili. Ufa mwingi huzaliwa njiani.

Kijumba kidogo chenye mlango wa kufuli, kilichojengwa na kikundi kwenye ardhi iliyoinuka karibu na mto, huondoa safari hizo. Kiwe na paa la kuzuia jua na mvua. Kuta zake ziwe za fito au matofali yenye matundu makubwa, hewa ipite. Bomba la moshi lielekee nje. Usiwashe kamwe injini katika chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache za kujaribu. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kimya kimya akidhani amepata usingizi. Mtungi wa petroli uwekwe kivulini, mbali na injini yenye moto, wala usiwekwe mahali watoto wanapolala. Oili chafu isimwagwe ukingoni. Maji ya Malaba na Malakisi huenda Ziwa Kyoga, na ya Sio huenda Ziwa Viktoria. Huko chini kuna watu wanaoyanywa, Wakenya na Waganda.

Tena tusilime mpaka kwenye mdomo wa mto. Ukingo ukibomoka, mchanga huingia majini, na mchanga huo ndio unaojaza valvu na kusaga pampu kwa ndani. Acha majani na miti ikae pale. Na ukumbuke kwamba sheria ya maji ya mwaka 2016 yataka kibali kwa anayechota maji kwa mtambo. Kikundi kiulize habari hiyo mapema, kabla ya kununua chochote.

Wanaonipinga

Nimekwisha kusema maneno haya katika mikutano, na nimepingwa. Ni haki niyataje majibu ya wenzangu.

Wengine husema, "Karani, shida si mpira. Shida ni bei. Serikali ipunguze bei ya petroli." Sikatai kwamba bei yauma. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliwekwa juu ya mafuta kwa asilimia 8, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa asilimia 16. Kila tarehe 14 ya mwezi twasikiliza redio kujua Mamlaka ya Nishati na Petroli imetangaza nini. Sisi wa mpakani twayaona mafuta kuliko watu wengi. Bomba kutoka Mombasa huishia Eldoret na Kisumu, na kutoka huko malori huyaleta mpaka Malaba na Busia, foleni ikiwa ndefu hata mtu akachoka kuhesabu. Lakini kuyaona mafuta yakipita si kuyapangia bei. Bei hutangazwa Nairobi, na Nairobi nayo hufuata bei za ng'ambo. Mkulima ana haki ya kumweleza mbunge wake shida hii, naye amweleze. Ila asingoje jibu huku maji yakimwagika njiani. Tundu la mpira haliko Nairobi.

Wengine hukimbilia mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya njia, ya upande huu au ya upande ule, kwa kuwa ni rahisi kwa shilingi chache. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchafua plagi na kuidhoofisha injini. Alichookoa kwenye chupa hukipeleka kwa fundi.

Wengine, hasa vijana, huniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya zamani. Tununue pampu ya jua, tusahau petroli." Ndugu zangu, pampu ya jua naipenda. Jua la Busia halina foleni wala halitozwi kodi barabarani. Lakini fikirini vizuri. Kwa petroli hulipa kidogo kidogo kila siku. Kwa jua hulipa karibu gharama yote siku ya kwanza, na bei yake hutegemea kazi unayoitaka ifanye. Anayepoteza nusu ya maji yake atalazimika kununua paneli za kuinua maji mara mbili. Kwa mtu wa pampu ya jua, kuziba ufa ni jambo kubwa hata kuliko kwa mtu wa petroli. Anayetaka paneli azibe kwanza, apime, ndipo anunue zile zinazomtosha.

Wako pia wenye bustani ndogo, robo ekari au chini yake, ambao hawana haja ya injini yoyote. Pampu ya kukanyaga kwa miguu imetumika katika Kenya tangu miaka ya 1990, ilipoenezwa na shirika la ApproTEC, ambalo sasa huitwa KickStart. Haili petroli, ila hula jasho. Nami nasema wazi: kama pampu hiyo itakanyagwa na mama peke yake baada ya kuteka maji, kuni na kupika, basi hatujaokoa nguvu, tumehamisha mzigo tu. Baba na vijana washike zamu zao.

Na mahali penye mteremko, kwa nini tuwashe moto wowote? Tazameni Bunyala. Skimu ya mpunga ilianzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa miaka mingi maji ya Nzoia yalipandishwa kwa pampu, hivyo kila msimu ulianza na habari ya gharama za kuendesha pampu. Mradi wa umwagiliaji wa Nzoia ya Chini umebuniwa kwa njia nyingine: maji yachukuliwe juu mtoni, yashuke yenyewe kwa mfereji hadi mashambani mwa Siaya na Busia. Kuna jambo la kujifunza hapo hata kwa kikundi cha watu kumi. Walio karibu na vilima vya Teso na Samia watazame kama kuna kijito kilicho juu ya shamba lao. Bomba lililolazwa vizuri kwenye mteremko haliulizi bei ya petroli.

Shauri langu

Kiangazi chetu huanza Desemba na kuendelea mpaka mvua za Machi. Miezi hiyo ndiyo sukuma wiki na nyanya huwa na bei nzuri sokoni, maana bustani nyingi zimekauka. Mwenye maji wakati huo ana karo ya shule. Mwenye deni la injini wakati huo ana usiku mrefu. Kati ya watu hao wawili, mara nyingi tofauti ni mpira na valvu.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mambo haya kabla ya mvua kukatika. Azima pipa la lita 200 na saa. Pima maji karibu na injini, kisha pima mwisho wa mpira. Ikiwa muda wa pili ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, usiende popote kuomba injini. Tembea kando ya mpira wako ukitafuta matope. Toa valvu majini, ioshe, ijaze maji uone kama inashika. Safisha chujio la hewa na plagi, badilisha oili. Kisha andika katika daftari kila siku: lita ngapi za petroli, vitalu vingapi vimenyweshwa. Daftari la shilingi chache litakuambia habari ya injini yako kuliko fundi yeyote.

Kwa vikundi na vyama vinavyokopesha, shauri langu ni kwamba fedha za mpira na valvu zitolewe kwanza, na fedha za injini baadaye, iwapo bado zitahitajika. Mkopo mdogo wa kuziba hulipika kwa msimu mmoja. Ule mkubwa wa injini waweza kulipwa kwa ng'ombe.

Na kwa sisi wa ofisini, makarani na mabwana shamba, nasema jambo ambalo huenda halitapendwa. Fomu ya kuombea injini isijazwe mpaka mmoja wetu afike shambani na pipa. Tukisema hatuna nafasi ya kwenda, basi hatuna haki ya kuandika kwamba injini inahitajika. Mimi niliandika hivyo mara moja bila kwenda, na waliolipa kosa langu ni wengine.

Ile injini iliyolala stoo ni nzima bado. Nimekwenda kwa yule mama mwenyekiti, nikamweleza jinsi kikundi cha pili kilivyofanya, nikamwomba ruhusa tukapime bonde lao pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, akaniambia nije na pipa langu mwenyewe, maana yao waliuza. Jumamosi ijayo nitakwenda nalo.